Kilo Saba

Aprili ile mvua ya Tukuyu haikunyesha, ilikaa.
Ilikaa juu ya banda la kununulia chai,
juu ya viroba, juu ya mabega ya wachumaji,
na mama, karani wa mizani, akaandika:
Mwakibinga, kilo saba.
Sekela mjane, kilo saba.
Ambakisye, aliyeleta magunia matatu yaliyoshindiliwa,
kilo saba.
Ukurasa mzima, saba, saba, saba,
kwa ule mwandiko wake wa shule ya misheni.

Wakasema kanywa. Wakasema anaiba.
Ambakisye alipiga kelele kuliko wote.
Mwenyekiti akalichukua daftari,
akalifunika kwa kofia yake lisilowe,
naye mama akasimama mvuani kichwa wazi
akivitazama vidole vyake kama vya jirani.

Kichwa kilikuwa kimeanza kumuuma tangu Januari.
Tulimpa panadoli. Tulimpa dawa ya malaria
ingawa kipimo kilisema malaria hakuna.
Mchungaji alimwekea mikono.
Shangazi Tusajigwe aliuliza jikoni, kwa sauti ya chini,
"Nani alikuwa anautaka ukarani huu?"
Kisha mguu wa kushoto ukaanza kuburuta kandambili,
tukawa tunajua yuko wapi nyumbani kwa kusikiliza tu:
kwachu. Kimya. Kwachu.

Mbeya, hospitali ya rufaa, benchi la bluu.
Wakachota maji ya uti wa mgongo,
maji meupe, ungeweza kuyanywa.
Wakamwingiza kwenye mashine inayogonga
kama fundi bati mwenye hasira.
Ng'ombe mmoja. Halafu wa pili.
Daktari Ngailo, kijana, macho mekundu ya zamu,
alichora nyuma ya fomu:
"Hii ni mishipa ya damu, ile midogo, ya ubongo.
Na hii inashuka na uti wa mgongo.
Kuta zake zimevimba.
Askari wa mwili wenyewe wamewasha moto
nyumba waliyoajiriwa kuilinda."
Nikauliza, sasa damu inapitaje?
Akafikiri. "Kiubavuubavu," akasema,
"kama mtu mwenye mzigo wa kuni mlangoni.
Pengine haipiti."

Nilitaka jina. Alilitaja, refu, la kigeni,
likateleza. Nikabaki na kuni.

Vidonge vikamvimbisha uso ukawa mwezi.
Akala usiku, ndizi na maharage, saa nane, akicheka.
Akanitukana kwa jina la dada yake aliyekufa.
Kila mwezi dripu, na nywele kwenye mto.
Kiswahili kikamtoka wiki nne nzima,
kama mgeni aliyekuta wenyeji wana msiba akaaga;
Kinyakyusa kikabaki, kikamuuguza.
"Ndaga," alimwambia muuguzi wa Kigogo, "ndaga fijo,"
na muuguzi akaelewa. Nani asingeelewa?

Sasa ni Agosti. Ukungu umeumeza Mlima Rungwe.
Hatembei bila fimbo. Tarakimu hazisomi,
anazitazama kama wadudu kwenye kuta.
Daktari hasemi amepona, anasema moto umetulia,
na mimi nimekulia jiko la mafiga,
nayajua majivu.

Jana Ambakisye alikuja na parachichi.
Hakuitaja siku ile ya mvua.
Aliliweka tu mkononi mwa mama.
Mama akafumba macho, kiganja kikapanda, kikashuka:
"Nusu. Na kidogo."
Mzee akalichukua, akaenda nalo dukani kwa Asangwile
penye mizani ya sukari. Akakawia.
Aliporudi hakusema kitu.
Alilirudisha kiganjani,
akatoa mfukoni la pili, akaliweka juu yake.